Siku Papa Alipopandisha Gari Juu ya Mbao

Jirani yangu hapa Kisangani anazungushia kiwanja chake uzio. Kabla ya kusimika nguzo anazipaka mafuta machafu ya gari, yale meusi yaliyokwisha kazi, ili mchwa wasizile. Juzi asubuhi harufu yake ilivuka ukuta ikanikuta jikoni nikitwanga sombe, yale majani ya muhogo, nikaweka mchi chini nikaketi. Mume wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Sikuendelea, kwa sababu hata sasa nilivyo mama wa watoto, uso wangu bado unapata moto nikikumbuka Beni.

Nilikuwa mtoto wa Leta. Ndivyo watu wa huko wanavyoiita serikali, Leta, kama jina la mtu mmoja mkubwa anayekaa mbali. Papa alikuwa mtu wa Kasai aliyefanya kazi katika ofisi ya ardhi, na kazi hiyo ilitubeba kutoka mji hadi mji. Tulipofika Beni nilikuwa katika umri wa kung'oka meno. Tulipanga nyumba ya mabati katika mtaa wa Wanande, watu wa mashamba na biashara. Uzio wetu ulikuwa wa matete yaliyooza hapa na pale, hata mpita njia aliweza kuona mpaka mlango wa choo. Papa walimwita Chef, yaani mkubwa, na Mama akawa Mama Chef.

Majirani walikuwa wakitutazama sana. Asubuhi Papa akivaa shati lake jeupe na kutoka, mtu alikuwa akisimama njiani, anamsalimu, anamwangalia mpaka anapotea. Nikivaa sare na kwenda shule, wamama waliokaa mbele ya milango yao walinyanyua macho, wakanifuata kwa macho, kisha wakaendelea kuchagua maharagwe. Niliamini wanatupenda. Niliamini viatu vyangu vya shule vinawapendeza, na jinsi Mama alivyonisuka nywele. Nilikuwa natembea polepole ili wapate kuniona vizuri.

Ukweli wake niliujua baadaye. Walikuwa wakitutazama kama mkulima anavyotazama mawingu. Katika mji ule habari mbaya za watu wenye silaha wanaoua na kuchoma nyumba zilikuja mara kwa mara kutoka upande wa Mbau na Oicha, na kila mara watu hawakujua kama ni kweli au uongo. Lakini walijua jambo moja: mtu wa Leta anapata habari mbele ya wengine. Kama watoto wa Chef wanaenda shule, hakuna mambo. Kama gari la Chef linapakiwa vitu, ni saa ya kufunga mizigo.

Rafiki yangu aliitwa Masika. Walikuwa wametoka upande wa Eringeti, yeye, mama yake, wadogo zake na bibi yao, wakafika Beni kwa miguu. Baba yao hakufika pamoja nao, na katika nyumba yao hakuna aliyelitaja jambo hilo. Mama Masika alikuwa mshonaji. Chereheni yake ndiyo kitu pekee walichokibeba kutoka kwao. Waliibeba kwa zamu, huyu kichwa chake, huyu meza yake, na sasa ilikaa barazani kwao ikilia mchana kutwa. Yeye ndiye aliyenishonea rinda langu la komunyo ya kwanza, akaniambia nizunguke, nizunguke tena, huku pini zikiwa katikati ya midomo yake.

Papa alikuwa na gari dogo la zamani, la kijani kilichofifia. Alilipenda kuliko inavyomfaa mtu mzima kupenda gari. Mara ya mwisho alipolipeleka kwa mafundi kubadilisha mafuta ya moteri, yaani injini, alirudi amekasirika, akisema wamemrudishia mafuta yale yale ya zamani waliyoyachuja kwa kitambaa. Akaapa kwamba kuanzia hapo kazi hiyo ataifanya mwenyewe. Sisi watoto hatukuambiwa neno. Nyumbani kwetu mambo ya gari yalikuwa mambo ya Papa, kama mambo ya siasa.

Siku moja wakaja vijana wawili na mkokoteni uliojaa mbao, wakazimwaga uwanjani. Zilikuwa mbao nene za mikaratusi, bado mbichi, zinatoa ile harufu ya dawa ya kifua. Kila jioni Papa akirudi kazini alivua shati jeupe, akavaa fulana, akakata na kupigilia. Alikuwa mtu wa kalamu. Msumari mmoja ulipinda, mwingine ulimponda kidole. Alipanga ubao mrefu chini, juu yake mfupi kidogo, juu yake mfupi zaidi, mpaka ikawa kama ngazi pana yenye vipandio vifupi. Mwisho wake, juu kabisa, akapigilia kipande cha gogo kama kizuizi. Kisha akatengeneza ya pili, pacha wa ile ya kwanza.

Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikitazama. Nilikuwa nimekwisha kuona mbao kama zile. Mwalimu mmoja wa mtaani alipohamia Butembo na familia yake, walikuwa wameegemeza mbao mbili kwenye lori na kusukuma juu yake kabati, kitanda na friji. Kwa hiyo nilijua ngazi za namna hiyo ni za nini. Nilingoja tu kusikia tunakwenda lini.

Nikasikia jioni ya Alhamisi, tukiwa mezani.

"Samedi tunafanya vidange," Papa alimwambia Mama. "Mbele ya safari ya Butembo. Tukichelewa itakufa njiani."

"Na majirani je?" Mama akauliza.

"Hapana kuwaambia. Wakijua watajaa hapa, kila mwenye moto au gari atataka nimfanyie yake."

Neno vidange sikuwahi kulisikia. Lakini juma lile lile mwalimu alikuwa ametufundisha neno la Kifaransa vider, kumwaga kitu mpaka kibaki kitupu, na mfano alioandika ubaoni ulikuwa wa nyumba: wanatoa vitu vyote, nyumba inabaki tupu. Nikaunganisha. Jumamosi tunamwaga nyumba. Nilisikia "itakufa" kama "tutakufa". Yale ya moto, yaani pikipiki, na gari hayakuniingia kabisa. Nilichobaki nacho ni kwamba tunakimbia, na majirani wasijue.

Siku iliyofuata, kwenye bomba la maji, nilisimama nyuma ya Masika katika foleni ya madumu. Nilikuwa nimekaa na neno lile tumboni tangu alfajiri. Sikulitoa kwa kujivuna, wala kwa kutaka kumtisha. Niliogopa kwamba nitafika Butembo na Masika hatakuwepo.

"Muambie mama yako," nikamnong'oneza. "Kesho sisi tunatoka. Papa amekwisha kutengeneza mbao za kupakia. Alisema tukichelewa tutakufa."

Masika aliondoa dumu lake chini ya bomba kabla halijajaa, akaenda. Maji yakaendelea kumwagika chini mpaka mwanamke aliyenifuata akanifokea.

Mchana ule wote niliona mambo nisiyoyaelewa. Mtu alikuja akachungulia katika matete ya uzio, akaziona mbao, akaondoka haraka. Wa pili akaja. Duka la kona likafungwa jua likiwa bado kali. Kuku walikamatwa wakafungwa miguu. Nami bado sikujua kwamba ni mimi.

Jumamosi asubuhi Papa aliwasha gari. Mama alikuwa ameinama kwenye babula akipuliza makaa, nasi watoto tukaamriwa tukae mbali, karibu na ukuta. Papa aliweka magurudumu ya mbele kwenye mwanzo wa zile mbao mbili, akatoa kichwa dirishani, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, na gari likaanza kupanda. Mbao zikalia. Gari likapanda kipandio, likapumzika, likapanda kingine, pua yake ikielekea mbinguni, mpaka likagusa vile vizuizi vya juu na kusimama. Papa akavuta breki, akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akazunguka gari lote akitabasamu peke yake. Ilikuwa kazi ya mikono yake na haikuvunjika. Akatandika gunia, akalala chali, akaingia chini ya gari na basini.

Mimi nilibaki na mdomo wazi. Nilikuwa nangoja kabati.

Ndipo nilipoona uzio umejaa macho. Kila penye tundu palikuwa na uso. Mlango wa matete ukasukumwa, wakaingia watu, kwanza wachache, kisha wengi: mama mwenye godoro limekunjwa kichwani, mzee na mbuzi wake kwenye kamba, wasichana waliobeba masufuria yaliyofungwa katika kitenge. Walisimama mbele ya miguu ya Papa, maana ni miguu tu iliyoonekana.

"Chef," akasema mzee mwenye mbuzi. Alikuwa ndiye kiongozi wa nyumba zetu kumi. "Bo banaingia kwa njia gani? Ya Mbau? Tuambie tujue."

"Nani banaingia?" sauti ya Papa ikauliza kutoka chini ya gari.

"Hapana kutuficha, Chef. Batu biko tayari. Munatoka saa ngapi?"

Papa akajiburura nje. Fulana yake ilikuwa nyeusi kifuani, na mafuta yalimtiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko. Akawatazama watu wale, akatazama godoro, akatazama mbuzi. Nilimwona akihangaika kuelewa, na nikaona alipoelewa, kwa sababu uso wake ulishuka.

"Lakini ni vidange tu," akasema. "Ninatoa mafuta ya moteri."

Hakuna aliyecheka. Wakamwona labda anawadanganya. Basi akawaambia wakaribie, akainama mwenyewe, akavuta lile basini kutoka chini ya gari. Lilikuwa nusu, jeusi, linang'aa, na harufu yake ikatupata sote. Ni ile ile iliyonifuata jikoni juzi.

"Tazameni. Ni mafuta. Hakuna vita. Sina habari yoyote."

"Sasa nani alisema munakimbia?" akauliza yule mama wa godoro.

"Ni mutoto yako, Chef," akajibu mtu nyuma. "Alimwambia mutoto ya Mama Masika kwa bomba."

Wakageuka wote. Nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, hata siku ya ndoa yangu, lakini sijapata kutazamwa vile. Mama alisimama na upepeo wa babula mkononi. Papa hakupandisha sauti.

"Ni wewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilitaka kueleza habari ya vider na friji ya mwalimu, lakini mkojo ulinitoka, ukashuka miguuni mbele ya watu wote, na mtoto mdogo mmoja akaunyooshea kidole.

Baadhi yao walianza kucheka sasa, kile kicheko cha mtu aliyenusurika. Wengine walikuwa na hasira na wakaondoka bila kuaga. Mzee alibaki na mbuzi wake. Alimwambia Papa kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi:

"Chef, wewe ni mutu wa Leta. Sisi hatuna radio ya kutuambia ukweli. Tunaangalia nyumba yako. Ukipigilia musumari, tunasikia. Kesho ukitaka kufanya kitu, tuambie mbele."

Papa akasema, "Pardon, mzee. Nimesikia." Sikuwahi kumsikia Papa akimwomba mtu msamaha. Alisema akiwa ameshika kitambaa kichafu cha kufutia mafuta kwa mikono miwili, kama mwanafunzi.

Kisha mtu akasema Mama Masika hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri.

Papa alitaka kumfuata, lakini gari lilikuwa juu ya mbao, tumbo tupu, bila tone la mafuta. Alirudi chini yake akafunga nati, akatia mafuta mapya kwa haraka hata mengine yakamwagika, akalishusha kinyumenyume bila kupumzika kwenye vipandio. Alikwenda mpaka nje ya mji akiuliza. Wakamwambia mwanamke mwenye watoto na bibi kizee amepanda lori la mbao la kwenda Butembo, lilikwisha kupita zamani. Chereheni ilikuwa nzito, dereva aliikataa, akamwambia airudishe nyumbani au abaki nayo. Mama Masika alirudi mbio, akaifungia ndani, akapanda.

Walikaa Butembo kwa ndugu muda mrefu. Hata habari ilipowafikia kwamba hakuna kilichotokea, hawakuamini haraka. Na katika siku hizo mtu alivunja mlango wao. Waliporudi, barazani palibaki alama za miguu ya meza tu.

Papa alinishika mkono tukaenda kwao jioni ile ile waliporudi. Mama Masika alikuwa amekaa kwenye jiwe, bila kazi mikononi. Nilikuwa sijawahi kuona mikono yake imetulia. Bibi yao alikuwa ndani akikohoa. Masika alisimama mlangoni akanitazama, kisha akaangalia pembeni.

"Mama Masika," Papa akasema, "nimemleta mutoto."

Nikasema nilivyofundishwa njiani. Nilisema naomba msamaha, nilisema nilisikia vibaya. Nilitamani anipige. Nilikuwa nimejiandaa.

Akanivuta karibu na kunifuta pua kwa kitenge chake.

"Uliniambia kwa sababu hukutaka nikufe," akasema. "Si njo vile?"

"Ndiyo, mama."

"Donc hakuna mambo. Siku ingine ukisikia kitu, uniambie tena."

Papa akageuza uso. Tulirudi nyumbani, na alipofika uwanjani alikaa kwenye zile mbao zake mpaka Mama alipomwita kula mara ya tatu. Baadaye alimchukua Mama Masika katika gari mpaka Butembo kutafuta chereheni iliyoibwa katika masoko ya vitu vya mtumba. Hawakuiona. Mama Masika akaanza kukaanga mikate njiani, kwenye kona ambayo nilipaswa kupita kila siku kwenda shule. Kila siku aliniita, "Mutoto ya Chef," akanipa mkate wa moto katika karatasi. Ulikuwa na ladha ya sukari na vanila. Sikuweza kuukataa. Masika alicheza nami tena, lakini siri hatukupeana tena.

Na hawakuacha kututazama. Nilifikiri baada ya siku ile watatudharau, watasema nyumba ya Chef haina maana. Haikuwa hivyo. Mama Masika akinipa mkate aliniuliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa: "Papa iko namna gani leo? Amelala vizuri?" Nikawa najua sasa anachouliza. Nilikuwa nasema amelala vizuri, hata siku ambazo nilimsikia akitembea chumbani. Niliacha kutembea polepole mbele ya wamama. Nilikuwa nakimbia mpaka shuleni, kisha nikagundua kwamba kukimbia kwangu nako kunawatisha, nikaanza kutembea kama watu wengine, nikihesabu pumzi.

Halafu uhamisho ukaja. Papa alihamishiwa Kindu. Alikumbuka maneno ya mzee, akapita nyumba kwa nyumba akiwa na shati lake jeupe, akieleza kwamba ni kazi tu, Leta imempeleka kwingine, hakuna habari mbaya, atakayechukua nafasi yake anakuja na watoto wake. Watu walimpa mkono, wakamtakia safari njema. Mzee akampa kuku. Mama Masika alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wasingya, Chef," asante kwa Kinande, na hakuuliza swali.

Asubuhi ya kuondoka, lori lilisimama njiani, na kabati letu likapakiwa kweli. Nilitoka na mto wangu mikononi. Mama Masika alikuwa amesimama mbele ya uzio wetu. Watoto wake walikuwa wamepangwa nyuma yake, Masika, na wadogo zake, na bibi yao akiegemea fimbo. Hawakubeba mzigo wowote. Lakini wote walikuwa wamevaa viatu. Hata yule mdogo kabisa, ambaye sijawahi kumwona na viatu, alikuwa amevaa raba kubwa zilizofungwa kwa kamba ya katani.

Hakumtazama Papa. Aliniinamia mimi, akanishika mashavu kwa mikono yake iliyonuka mafuta ya kukaangia.

"Wewe niambie," akasema. "Munakimbia?"

"Hapana, mama. Tunahama tu. Papa alipewa kazi kwingine."

"Kweli?"

"Kweli."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilimwacha anitazame, sikuinamisha macho, ingawa nilikuwa na aibu. Safari hii sikuwa nimekosea. Niliona aibu kwa sababu lori lilikuwa letu, na Kindu ilikuwa yetu, na yeye angebaki hapo kuitazama nyumba ya mtu mwingine.

Akaniachia. Akajinyoosha, akageuka kwa watoto wake.

"Muvue viatu," akasema.

Wakakaa chini ukingoni mwa njia, wote, wakaanza kufungua kamba.